Kwa Nini Gari Hutetemeka Linapofungwa Breki?

Kwa miaka mingi msafiri aliyetoka Kibondo kwenda Kasulu alipita katika barabara ya changarawe na udongo mwekundu, ambayo wakati wa mvua hugeuka kuwa tope, na wakati wa kiangazi uso wake hujikunja kama bati la kuezekea. Katika barabara ya namna hiyo kila gari hutetemeka, liwe zima au bovu, na dereva hana njia ya kutenga mtetemo wa njia na mtetemo wa gari lenyewe. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa kujenga kwa lami barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa kilomita 260 hivi. Kadiri vipande vya lami vinavyokamilika, magari yaliyozoea mwendo wa kilomita 40 kwa saa hupata nafasi ya kwenda kilomita 80. Hapo ndipo ugonjwa uliokuwa umejificha hudhihirika: dereva anapokanyaga breki katika mteremko, usukani huanza kucheza mikononi mwake, pedali humpigapiga mguu, na abiria huulizana kuna nini.

Aghalabu jibu linalotolewa gerejini ni moja tu: "Diski zimepinda." Mwenye gari hununua diski mpya, mtetemo hutoweka, naye hurudi njiani akiwa na furaha. Lakini mara nyingi, baada ya kilomita elfu chache, mtetemo hurudi kama kwamba hakuna kilichofanyika. Je, diski mpya nazo zimepinda? Makala haya yanaeleza kwamba katika hali nyingi diski haikupinda hata kidogo; kwamba chanzo halisi ni kosa dogo mno lisiloonekana kwa macho; na kwamba asiyekitafuta chanzo hicho kwa kupima atanunua vipuri mara mbili na bado atateremka milima akiwa na breki zisizoaminika.

BREKI HUGEUZA MWENDO KUWA JOTO

Gari linalokwenda lina nishati ya mwendo. Kanuni yake hufundishwa katika kila darasa la fizikia: nishati hiyo ni nusu ya uzito wa gari, ukipimwa kwa kilo, mara kasi yake ikizidishwa kwa yenyewe, kasi ikipimwa kwa mita kwa sekunde. Nishati haiwezi kupotea. Kwa hiyo gari linaposimamishwa, hapana budi nishati hiyo iende mahali fulani. Katika breki za kawaida hugeuka kuwa joto kwa njia ya msuguano.

Chukua mfano wa gari la abiria lenye uzito wa kilo 3,000 pamoja na watu na mizigo yao. Likiwa katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa, yaani mita 11.1 kwa sekunde, lina nishati ya kilojouli 185 hivi. Likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, nishati yake ni kilojouli 740 hivi. Kasi imeongezeka mara mbili, lakini kazi ya breki imeongezeka mara nne. Joto hilo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji yaliyokuwa na nyuzi 20 za Sentigredi, na breki hulipokea katika sekunde chache tu.

Mlima huongeza mzigo wa aina nyingine. Sehemu kubwa ya nyanda za juu za Kigoma iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Tanganyika uko katika mita 770 hivi. Gari letu la kilo 3,000, kwa kila mita 100 linazoshuka, hutoa nishati ya kilojouli 2,940. Hiyo ni sawa na kulisimamisha mara nne kutoka kasi ya kilomita 80 kwa saa. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo, matairi na injini. Lakini dereva anayeteremka kwa gia kubwa huku mguu wake umelala juu ya pedali huzibebesha breki karibu mzigo wote.

Breki za diski, ambazo ndizo zinazohusika zaidi na mtetemo huu, zina sehemu chache tu. Diski ni sahani ya chuma cha kalibu inayozunguka pamoja na gurudumu. Kibanio, ambacho mafundi hukiita kalipa, huzibana pedi mbili pande zote za diski kwa nguvu ya mafuta ya breki. Wazo hilo si la jana. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902. Mwaka 1953 gari la Jaguar lenye breki hizo lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Na mwaka 1955 Citroën walianza kuuza gari la DS lenye diski mbele. Magari mengi madogo ya leo yana diski mbele, na nyuma yana diski au ngoma. Malori mengi yangali yakitumia ngoma.

KOSA DOGO KULIKO UNYWELE

Diski inaweza kuwa na makosa mawili yanayofanana kwa jina lakini yasiyofanana kwa tabia, nayo yafaa yatenganishwe vizuri.

Kosa la kwanza ni kuyumba. Diski huyumba ikiwa haikukaa sawasawa juu ya habu ya gurudumu, hivyo ukingo wake huenda kushoto na kulia kila inapozunguka. Unene wake ni uleule mahali pote. Ajabu ni kwamba kosa hili peke yake halitikisi gari sana, kwa maana kalipa ya magari mengi huelea juu ya pini zake na huweza kuifuata diski inapokwenda huku na huku.

Kosa la pili ni tofauti ya unene. Hapa sehemu moja ya diski ni nene kuliko nyingine. Kalipa haiwezi kulikwepa kosa hili. Sehemu nene inapoingia kati ya pedi, huzisukuma pedi zote mbili nje. Pistoni hurudi nyuma, mafuta ya breki husukumwa kuelekea kwenye pedali, na nguvu ya kubana huongezeka kwa ghafula. Sehemu nyembamba inapofuata, nguvu hupungua. Gurudumu hushikwa na kuachiwa, hushikwa na kuachiwa, mara moja au mbili katika kila mzunguko. Huo ndio mtetemo.

Tofauti inayotosha kuleta usumbufu huo ni ndogo mno. Katika magari mengi tofauti ya unene ya sehemu mbili za mia moja za milimita, yaani milimita 0.02, huhisiwa na dereva. Unywele wa binadamu una unene wa milimita 0.07 hivi. Hakuna jicho, hata la fundi hodari, linaloweza kuona kosa kama hilo. Kusema kwamba diski "imepinda" kwa kuitazama tu ni kukisia.

Basi tofauti hiyo hutoka wapi? Mara nyingi huzaliwa na kosa la kwanza. Diski inayoyumba hugusa pedi kidogo mahali palepale katika kila mzunguko, hata wakati dereva hakukanyaga breki. Tairi lenye mzingo wa mita 2.1 huzunguka mara 476,000 hivi katika kilomita 1,000. Kwa hiyo sehemu ile moja husuguliwa karibu mara nusu milioni kwa kila kilomita 1,000, na polepole hulika na kuwa nyembamba. Ndiyo sababu gari halitetemeki siku ile gurudumu lilipofungwa vibaya. Hutetemeka wiki au miezi baadaye, wakati mwenye gari ameshasahau kwamba kuna gurudumu lililofunguliwa.

Na diski huyumba kwa sababu gani? Sababu iliyo ya kawaida sana katika nchi ya udongo mwekundu ni uchafu: kigaga cha kutu au chembe ya tope kavu iliyobaki kati ya habu na diski. Tuseme uso wa habu una kipenyo cha milimita 130, na diski ina kipenyo cha milimita 260. Kigaga cha milimita 0.05 kikiwa ukingoni mwa habu, diski itainama, na kosa litakuwa maradufu, milimita 0.1, kwenye ukingo wa diski. Watengenezaji wengi hawaruhusu diski kuyumba zaidi ya kipimo hicho, na wengine huruhusu nusu yake tu. Sababu nyingine ni kukaza nati za gurudumu bila mpango: nati moja ikakazwa kwa kusimama juu ya spana, na jirani yake ikakazwa kwa mkono. Diski hubanwa upande mmoja kuliko mwingine.

Joto nalo lina njia zake mbili za kuleta tofauti ya unene. Dereva anaposimama ghafla baada ya mteremko mrefu, diski ikiwa na moto mkali, kisha akaendelea kukanyaga pedali, sehemu ya pedi hunata mahali palepale na kuacha alama kama chapa ya muhuri. Na diski ikifikia joto la karibu nyuzi 700, chuma chake chenye kaboni huweza kubadilika mahali hapo na kuwa kitu kigumu kiitwacho sementaiti. Sehemu hiyo hailiki kama jirani zake, hubaki imeinuka.

KWA NINI MTETEMO UNA KASI YAKE

Madereva wengi hueleza kwamba gari hutetemeka sana katika mwendo wa 80, lakini likipungua hadi 50 hutulia. Hilo si jambo la ajabu. Mtoto akiwa katika bembea, anayemsukuma kwa wakati unaolingana na mwendo wa bembea humpeleka juu sana kwa nguvu kidogo; akisukuma bila kufuata wakati, bembea haiendi mbali. Katika fizikia tukio hili huitwa resonansi.

Springi, matairi na vyuma vya usukani navyo vina mtetemo wake wa asili, ambao kwa magari mengi ni kati ya mara 10 na 20 kwa sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, tairi lenye mzingo wa mita 2.1 huzunguka mara 10.6 kwa sekunde; kwa kilomita 40 huzunguka mara 5.3. Diski yenye sehemu moja nene itasukuma mara 10.6 kwa sekunde katika kasi ya kwanza, na hapo huikuta "bembea" ya gari. Katika kasi ya pili husukuma polepole mno, na gari hutulia. Msomaji atatambua sasa kwa nini lami ilifichua ugonjwa huu: barabara ya changarawe haikuwaruhusu madereva kufika kwenye kasi inayouamsha.

JARIBIO LA DARASANI

Somo hili laweza kuonyeshwa bila gari. Chukua baiskeli yenye breki zinazobana rimu kwa ubavuni, na uigeuze miguu juu.

1. Shika kipande cha chaki kwenye uma, ncha yake ikaribie ubavu wa rimu bila kuugusa. Zungusha gurudumu polepole, vidole vikiwa mbali na spoki. Ikiwa rimu inayumba, chaki itaacha alama mahali inapotokeza tu. Hivyo ndivyo kipimo cha fundi kinavyofanya kazi.

2. Bana breki kidogo sana na uzungushe. Angalia jinsi mshiko unavyobadilika kidogo tu, maana breki hujaribu kuifuata rimu.

3. Sasa bandika utepe wa gundi, tabaka mbili au tatu, pande zote mbili za rimu mahali pamoja. Zungusha tena ukiwa umebana kidogo. Mkono utahisi pigo katika kila mzunguko. Hii ni tofauti ya unene.

4. Pima mzingo wa gurudumu kwa kamba, kisha ukokotoe mapigo kwa sekunde baiskeli ikienda kilomita 15 kwa saa. Utepe uondolewe kabla baiskeli haijapandwa.

UCHUNGUZI BARABARANI

Fundi mzuri, kama daktari, huuliza kabla hajafungua. Majibu ya maswali machache huweza kuokoa kazi ya siku nzima. Majaribio yafanywe katika lami tambarare, mahali pasipo na watu wala magari.

Swali la kwanza: je, gari hutetemeka hata bila kukanyaga breki? Ikiwa ndivyo, kwanza yachunguzwe matairi, balansi ya magurudumu, rimu na beringi. Tope lililokauka ndani ya rimu baada ya safari ya masika hutosha kuharibu balansi. Mara nyingine ndoo ya maji na kijiti ndiyo dawa yote inayohitajika.

Swali la pili: kinachotikisika ni kipi? Usukani ukicheza, tuhuma ziende kwenye breki za mbele. Kiti na sakafu vikitikisika huku usukani umetulia, breki za nyuma zichunguzwe. Kwa gari ambalo breki yake ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, mtu aweza kwenda polepole, akabonyeza kitufe cha breki ya mkono bila kukiachia, na kuivuta kidogo kidogo. Mtetemo ukijitokeza, kosa liko nyuma. Lakini jaribio hili lisifanywe kabisa kwa Land Rover za zamani na magari mengine ambayo breki ya mkono hushika shafti inayotoka kwenye gia boksi: kuivuta gari likiwa katika mwendo huweza kuvunja vyuma vya kuendeshea magurudumu.

Swali la tatu: je, pedali hutetemeka wakati wa kufunga breki kwa nguvu sana tu, au kwenye utelezi? Magari mengi ya sasa yana mtambo wa kompyuta unaozuia magurudumu yasigande. Mtambo huo unapofanya kazi, pedali hupigapiga kwa haraka na kutoa mlio. Huo si ugonjwa, na dereva asiinue mguu wake kwa hofu.

Swali la nne: ni kazi gani iliyofanyika kwenye magurudumu katika miezi iliyopita? Pancha iliyozibwa njiani, pedi zilizobadilishwa, springi iliyofungwa upya: yote haya ni ushahidi.

UCHUNGUZI GEREJINI

Gari likiwa limeinuliwa na kuegemezwa juu ya stendi imara, wala si juu ya jeki peke yake, kazi ifuate utaratibu huu.

Kwanza, gurudumu litikiswe juu na chini, kisha kushoto na kulia, ili kupima ulegevu wa beringi, bushi na viungo vya usukani. Vitu hivi vikilegea kwa kawaida havianzishi mtetemo wa breki, lakini huukuza. Asiyevitazama huenda akatibu nusu ya ugonjwa.

Pili, pedi zitazamwe. Pedi moja ikiwa imelika sana kuliko mwenzake, pini za kalipa huenda zimeganda kwa vumbi na tope. Kalipa iliyoganda haiwezi tena kuifuata diski, na tena huiacha pedi ikisugua na kuipasha diski moto muda wote. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa: pedi nyingi za zamani zilikuwa na asibesto, ambayo huleta saratani, na vumbi la aina yoyote halifai mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa.

Tatu, unene wa diski upimwe kwa maikrometa katika sehemu nane kuizunguka, umbali uleule kutoka ukingoni, na vipimo viandikwe. Kalipa ya kupimia ya kawaida haifai, kwa sababu ukingo wa diski usiolika huizuia isifike kwenye sehemu iliyolika, nayo hudanganya. Tofauti kati ya kipimo kikubwa na kidogo ndiyo hukumu.

Nne, kuyumba kupimwe. Nati za gurudumu zikazwe juu ya diski kwa kutumia washa zinazofaa, kisha kipimo cha saa, chenye ncha inayogusa diski na mshale unaozunguka, kifungwe mahali imara. Diski izungushwe kwa mkono mzunguko mmoja mzima. Ikiyumba kupita kiasi, ivuliwe, na habu yenyewe ipimwe. Hapo ndipo fundi hujua kama mwenye kosa ni diski, uchafu au habu iliyoharibika.

TIBA

Tiba hufuata chanzo. Ikiwa diski huyumba lakini unene wake haujaharibika, habu na mgongo wa diski visuguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, kisha diski irudishwe na kupimwa tena. Ikiwa bado huyumba, igeuzwe tundu moja au mawili kwenye bolti zake. Mara nyingi kosa dogo la diski na kosa dogo la habu huondoana.

Ikiwa unene umeharibika, diski yaweza kukerezwa kwenye mashine, mradi isishuke chini ya unene wa mwisho ambao kwa kawaida huandikwa kwenye diski yenyewe. Diski iliyo nyembamba kupita kiasi hupata moto haraka na huweza kupasuka. Hiyo haikerezwi, hutupwa. Kadhalika diski yenye madoa ya rangi ya buluu iliyokoza ishukiwe kuwa na sementaiti: kisu cha mashine huruka juu ya doa gumu, na baada ya muda mfupi mtetemo hurudi. Diski zibadilishwe au zikerezwe mbili mbili, kulia na kushoto, gari lisije likavutwa upande mmoja.

Ngoma za nyuma hutibiwa kwa njia hiyohiyo. Ngoma hupoteza duara lake ikiwa dereva atavuta breki ya mkono kwa nguvu wakati ngoma ina moto mkali, kisha ikapoa ikiwa imebanwa. Iliyoharibika hukerezwa, ikiwa kipenyo chake hakijazidi kipimo kilichowekwa.

Nati za gurudumu zikazwe kwa kuvuka: baada ya moja, ifuate inayoelekeana nayo, na zote zifikie nguvu iliyotajwa katika kitabu cha gari. Spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza ndiyo chombo kinachofaa. Penye spana ya kawaida tu, nati zikazwe kwa awamu mbili au tatu kwa nguvu inayolingana, na zikaguliwe baada ya kilomita 50 hadi 100. Tendo hili la dakika tano ndilo linalosahauliwa sana, nalo ndilo linaloamua kama diski mpya itadumu.

Mwisho, pedi mpya zizoezwe. Gari lipunguzwe mwendo mara kumi hivi, kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa, kwa kukanyaga kwa kadiri, na breki ziachwe zipoe kidogo kati ya mara moja na nyingine. Hivyo pedi hupaka tabaka jembamba, lililo sawa, kwenye diski nzima.

KUTEREMKA MILIMA

Fundi hutibu, lakini dereva ndiye anayekinga. Gia ndogo ichaguliwe kabla ya mteremko, si katikati yake, ili injini ibebe sehemu ya mzigo. Breki ikanyagwe kwa nguvu ya kutosha kupunguza mwendo, kisha iachiwe ipoe; isilaliwe muda wote. Gari likifika chini lisisimamishwe mara moja huku pedali imekanyagwa. Liende polepole kidogo ili upepo upoze diski. Na magurudumu yenye moto yasimwagiwe maji baridi na waosha magari, maana chuma cha kalibu kinachopozwa ghafla huweza kupasuka.

Mafuta ya breki nayo yakumbukwe. Hunyonya unyevu kutoka hewani. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka katika nyuzi zisizopungua 205. Yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Yakichemka katika mteremko, mapovu ya mvuke hujaa ndani ya mabomba, na pedali huzama mpaka sakafuni bila gari kusimama. Mtetemo humwonya dereva mapema, mapovu hayamwonyi. Kwa hiyo gari linalotetemeka kwa sababu ya breki zinazopata moto kupita kiasi linazungumza na mwenyewe, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

MAZOEZI

1. Gari lenye uzito wa kilo 3,000 lasimamishwa kutoka kilomita 80 kwa saa. Theluthi mbili za joto huingia katika diski mbili za mbele, kila moja ikiwa na kilo 8. Ikiwa kilo moja ya chuma cha kalibu huhitaji kilojouli 0.46 ili ipande kwa nyuzi moja, joto la diski litapanda kwa nyuzi ngapi? (Jibu: 67 hivi.)

2. Diski ina sehemu mbili nene zinazoelekeana. Tairi lina mzingo wa mita 2.1. Kwa kasi gani itatoa mapigo 10.6 kwa sekunde? (Jibu: kilomita 40 hivi kwa saa.)

3. Fundi amepima diski katika sehemu nane na kupata, kwa milimita: 24.81, 24.81, 24.80, 24.79, 24.78, 24.78, 24.79, 24.80. Je, diski hii yaweza kuleta mtetemo? Kabla ya kumshauri mwenye gari anunue diski mpya, fundi huyu angepaswa kupima kitu gani kingine, na kwa nini?